Nguo na Sufuria

Maneno yalimtoka Osmund huku mdomo wake umejaa viazi. Kazi yake Osmund ilikuwa kurusha miganda ya ngano kwenye mashine ya kupura kwa uma mrefu, na kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kuchekesha watu. Ilikuwa siku ya kwanza ya kupura kwenye shamba la Torkel Brekke. Wanaume kumi na tisa walikuwa wamebanana mezani, na Osmund alikuwa kwenye sahani ya tatu.

"Mama Brekke, niongeze tu," alisema. "Mwakani sijui huyo Mmarekani atatulisha nini. Mke wake, nasikia, ni mtu wa mjini, hata yai hajui linatokea upande gani wa kuku."

Wachache wakacheka. Kicheko kikafika katikati ya meza, kikafa.

Ragna Brekke alikuwa amesimama na birika la kahawa mkononi. "Mmarekani yupi?" akauliza.

Osmund akameza. Akamtazama Torkel, mwenye nyumba, aliyekuwa akipaka siagi kwenye mkate taratibu kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaiona siagi maishani mwake.

"Mimi nimesikia tu huko mjini, mama."

"Umesikia nini?"

"Kwamba shamba limeuzwa."

Bwana Tulloch, Mskoti mwenye mashine, akafuta masharubu na kusukuma benchi nyuma. "Jua halitungoji, jamani." Wanaume wakanyanyuka, wengine sahani zao hazijaisha, wakatoka kwa kubanana mlangoni kama kondoo waliomwona mbwa. Lakini kahawa ilikuwa haijamiminwa, na Ragna alikuwa na desturi zake. Akawafuata uani na birika, akamimina kikombe baada ya kikombe. Ni binti yake tu, Signe wa miaka kumi na minne, aliyeona kwamba kikombe cha baba kimerukwa.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabua, walikutana zizini. Ragna alikuwa akikamua. Torkel akaja akasimama mlangoni, mkono kiunoni, pale palipokuwa pakimuuma tangu mwaka jana.

"Ningekwambia," alisema.

"Lini?"

"Tukimaliza kupura."

Maziwa yakaendelea kupiga ndoo. "Kwa nini tukimaliza kupura?"

Torkel akajikanda kiuno, na Ragna akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu wanaume kumi na tisa lazima wale. Ukisema kabla, nani atapika? Sema nakusingizia."

"Unanisingizia," alisema Torkel. Kisha akaongeza, "Kidogo."

Akavuta pumzi, akaanza kueleza, na ilionekana amekwisha kuyapanga maneno hayo siku nyingi. Mwaka juzi mvua ya mawe. Mwaka jana baridi ya Agosti iliyoua ngano ikiwa bado ya kijani. Mwaka huu ngano imekubali, na ndiyo maana mnunuzi amepatikana: Mmarekani mmoja, Pruitt, kutoka Iowa. Shamba huuzwa likiwa limependeza, haliuzwi likiwa limelala. Na kaka yake, Nils, ameandika kutoka pwani kwamba kazi iko kwenye kiwanda cha mbao, na huko hakuna baridi ya kukata watu masikio. Walitakiwa kuhama katikati ya Novemba.

"Mgongo wangu umekwisha, Ragna. Wewe huuoni kwa sababu sipigi kelele."

"Nauona. Naukanda kila Jumapili." Ragna akainuka na ndoo. "Miaka mitatu ile ya mwanzo ulikuwa kwenye reli unatafuta hela. Serikali ilitaka nyumba ikaliwe ndipo itoe hati. Aliyeikalia nani? Nani aliishi kwenye kile kibanda cha matofali ya udongo na nyasi, mvua inanyesha ndani siku mbili baada ya kuacha nje? Inga nilimzaa mle, na mkunga wangu ni Signe, mtoto wa miaka minane. Au umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Naam, ningekataa!"

Ng'ombe akageuza kichwa kuwatazama. Torkel akatazama majani makavu miguuni pake. "Nilimuuliza wakili," alisema. "Nilitaka kujua kama na wewe unatakiwa kutia sahihi. Akasema hapana. Hati ina jina langu. Kwa sheria, cha mke ni nguo zake na sufuria zake, basi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayerudia bei ya chumvi aliyotajiwa dukani.

"Nguo na sufuria," alisema Ragna.

"Ndivyo alivyosema."

"Ni vizuri kujua."

Akampita na ndoo yake. Jikoni akachuja maziwa, akaosha kitambaa cha kuchujia, akakianika. Signe alikuwa amekwisha kutoa bakuli kubwa la kukandia, maana wapuraji walikula mikate kumi na minne kwa siku na unga ulipaswa kuumuka usiku kucha.

"Hatukandi, mama?"

"Hatukandi. Fungasha nguo zako, na za mdogo wako."

Kati ya shamba la Brekke na shamba la jirani palikuwa na ukanda wa nyasi ambao serikali iliuacha kwa ajili ya barabara, nayo barabara haikujengwa. Ng'ombe wa kila mtu walilisha pale na hakuna aliyeweza kusema ni pake. Kulipopambazuka, Ragna na binti zake wawili walisukuma toroli mpaka kwenye ukanda huo. Safari ya kwanza ilibeba nguo za kuvaa na za kujifunikia. Safari ya pili na ya tatu zilibeba sufuria: ile kubwa ya kuchemshia viazi, mbili za maharage, vikaango vitatu vya chuma, mabati ya kuokea mikate, birika la kahawa.

Inga, mwenye miaka sita, alikuwa amebeba yai mfukoni. Ragna akaliona.

"Rudisha."

"Mama, ni la kuku wangu mwekundu."

"Kuku ni wa baba yako. Rudisha."

Kila cha kuliwa alikiacha. Wapuraji walipotoka kwenye ghala walikolala, wakinawa na kupiga miayo, walikuta mezani gunia la unga limefunguliwa vizuri, ubavu wa nyama ya nguruwe ya chumvi, maharage, viazi kwenye kapu, na kisu pembeni. Chakula kilikuwepo chote. Cha kupikia ndicho hakikuwepo.

Torkel alichemsha kahawa kwenye ndoo ya kunyweshea farasi. Osmund akaonja, akatema.

"Bwana Brekke, hii kahawa inalia kama farasi."

Hakuna aliyecheka. Mwanaume mmoja kutoka mashariki, mwenye mikono ya kuungua jua, alisema waziwazi kwamba yeye hafanyi kazi ya saa kumi na nne kwa tumbo tupu, na kwamba kuna mashine nyingine maili sita kusini. Bwana Tulloch alisimama kando. Alikuwa akitazama kaskazini-magharibi, ambako mbingu ilikuwa na rangi ya bati kuukuu. Ngano ya Torkel, zaidi ya nusu, ilikuwa bado imesimama shambani kwenye miganda. Theluji ikiikuta hapo, basi tena.

Torkel akatembea mpaka kwenye waya wa mpaka. Hazikuwa hatua nyingi, lakini alitembea wanaume wote wakimtazama, naye alijua.

"Ragna. Unanivua nguo mbele za watu."

"Nguo zako ziko kabatini. Sikuzigusa."

"Acha utani. Rudi nyumbani."

"Kwenye nyumba ya nani? Ya Pruitt?"

"Mpaka Novemba ni yangu."

"Sawa. Basi pika, wewe mwenye nyumba."

Signe aligeuza uso. Hakutaka baba aone kama anacheka au analia, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

"Nitamwita Petra," alisema Torkel.

"Mwite."

Petra Lunde alikuwa jirani wa upande wa mashariki, na kwa miaka mitano yeye na Ragna walikuwa wakisaidiana: huyu akijifungua, yule anakuja, huyu akichinja, yule anapata utumbo wa soseji. Alifika na gari la farasi saa tatu. Alikuwa na sufuria mbili, na macho mekundu. Akasimamisha farasi kwenye ukanda wa nyasi.

"Nimeambiwa nije," alisema.

"Na nani?"

"Na mume wangu. Mashine ikitoka hapa inakuja kwetu. Ikikaa hapa siku mbili za bure, theluji itatukuta sisi, si ninyi." Petra alivuta skafu yake mbele. "Ni kweli ameuza?"

"Kweli."

"Bila kukwambia?"

"Nimeambiwa na Osmund, Petra. Mezani. Nikiwa nimeshika birika."

Petra akafumba macho. "Nina watoto sita, Ragna."

"Nawajua kwa majina. Wawili niliwapokea mimi."

"Basi usinitazame hivyo."

"Sikutazami vibaya. Nenda, watu wana njaa."

Petra akaenda. Lakini sufuria mbili za familia hazilishi wanaume kumi na tisa. Uji wa kwanza uliungua kwa haraka, viazi vilitoka vigumu katikati, na walipokula wa kwanza saa tano, wa mwisho walikula saa tisa, baridi, wamesimama. Wakati wote huo injini ya mvuke ilikaa pale ikimeza makaa na kupumua bure. Kila mara Torkel alikwenda kushika miganda, akaipima kwa mkono, akatazama mbingu. Wawili walikwisha kufunga virago. Yule wa mikono ya kuungua jua alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo Bwana Tulloch alipovuka waya, akakaa kwenye sufuria kubwa iliyopinduliwa bila kuomba ruhusa.

"Mama Brekke, nina miaka ishirini na mashine hii. Imekwama kwa mvua, imekwama kwa mkanda kukatika, mwaka mmoja ilikwama kwa harusi. Kwa sufuria, bado. Unataka nini?"

"Nusu ya bei ya shamba, kwa maandishi, jina langu."

"Hilo si langu kutoa."

"Najua ni la nani."

Tulloch akapiga mluzi, akamwita Torkel. Torkel akaja, na nyuma yake wapuraji wakasogea wakasogea, wakijifanya wananyoosha miguu, mpaka wakawa duara.

"Mke wako anataka nusu kwa maandishi," alisema Tulloch. "Mimi nitakuwa shahidi. Andika, tufanye kazi."

Uso wa Torkel uliiva. Kama wangekuwa wawili peke yao, huenda angesema jambo jingine. Ragna mwenyewe alikuja kukiri hivyo baadaye. Lakini kulikuwa na jozi kumi na nane za macho.

"Malipo ya kwanza nimekwisha kumpelekea Nils kwa ajili ya nyumba," alisema. "Yanayobaki ni ya maisha yetu huko. Siwezi kuandikishwa barabarani kama mtoto aliyeiba."

"Mimi ndiye niliyeibiwa," alisema Ragna.

"Sijaiba! Nimeuza kilicho changu!"

Upepo ulipita, ukatikisa nguo kwenye toroli.  Ragna akamtazama mume wake muda mrefu, na kitu fulani usoni pake kikatulia, kama mtu aliyekuwa akisikiliza mlango akasikia kitasa kimefungwa.

"Haya," akasema. "Umesema."

Tulloch akasugua magoti yake. "Basi nipikie mimi," alisema. "Si yeye. Dola mbili kwa siku. Hapa nitamdai Brekke juu ya bei ya kupura, kwa sababu kulisha watu ni juu yake. Tukitoka hapa nitazitoa mwenyewe, shamba kwa shamba, mpaka theluji itufukuze. Wake za watu wamechoka kulisha kundi hili, watakuombea dua."

"Binti zangu nakwenda nao."

"Sawa."

"Unanipa mimi mkononi, kila Jumamosi. Humpi mtu aniletee."

"Mkononi."

"Na katika nyumba ile siingii."

Tulloch akaitazama nyumba, akautazama ukanda wa nyasi. "Basi tutakula hapa," alisema. Akainuka. "Brekke. Lete unga."

Torkel alisimama kidogo. Kisha akageuka, akaenda, na walipomwona tena alikuwa amebeba gunia begani, mwili umepinda upande, anavuta mguu mmoja. Alifika katikati ya njia akayumba. Osmund, ambaye tangu jana hakuwa amefanya mzaha uliofanikiwa, akatoka kwenye kundi mbio, akashika ncha moja ya gunia. Hakumtazama Torkel, na Torkel hakumtazama. Wakaliweka mbele ya Ragna.

"Na viazi," alisema Ragna. "Na nyama."

Wakarudi kuvifuata.

Alipika siku ile iliyobaki, na nyingine mbili, kwenye mashimo ya moto yaliyochimbwa na wapuraji wenyewe. Waliofunga virago wakavifungua. Wanaume walivuka waya wameshika sahani, wakakaa kwenye nyasi za serikali, wakala maharage na mikate iliyookwa kwenye makaa, migongo yao ikielekea upepo. Mashine ilinguruma toka alfajiri, na makapi ya ngano yakawaangukia wote nyweleni, mpaka Inga akasema mama amekuwa bibi.

Siku ya kwanza Torkel hakuja. Alikula alichokibakiza Petra. Siku ya pili hakuja pia. Signe alimwona nyuma ya ghala akitafuna karoti mbichi. Siku ya tatu mchana, gari la mwisho la miganda likiwa njiani, alitokea mwisho wa mstari, sahani mkononi, kofia imeshushwa. Aliyekuwa mbele yake akataka kumpisha. Torkel akatikisa kichwa.

Ragna akampakulia kijiko kile kile alichowapakulia wengine. Hakupunguza. Hakuongeza.

"Asante," alisema Torkel. Hakusogea. "Ngano imetoka vizuri."

"Nimeona."

"Nimefikiria kumwandikia Pruitt. Nimwambie..." Akaacha. "Lakini nimekwisha kutia sahihi."

"Najua, Torkel."

"Bado nauli zenu nitalipa. Zote tatu. Nils ana chumba cha wasichana."

"Kula, chakula kinapoa."

Akasogea. Akala amesimama karibu na waya, peke yake, na alipomaliza aliifuta sahani kwa mkate kama alivyofanya kila siku ya ndoa yao.

Alasiri injini ikafungwa kwenye mashine, tayari kwa safari ya kwenda kwa Lunde. Osmund na mwenzake wakapakia sufuria kwenye gari la vifaa. Chembe za kwanza za theluji zilikuwa zikielea, chache, zikiyeyuka kwenye chuma cha moto. Signe alikwenda kumuaga baba yake. Alimkumbatia haraka, akarudi akiwa ameuma mdomo. Inga alimkumbatia muda mrefu, akamuuliza kama atampa chakula kuku mwekundu, naye akasema ndiyo. Ragna alikuwa amekwisha kukaa kwenye gari. Torkel akaja akashika ubao wa gari.

"Utarudi lini?"

"Wapi?" aliuliza Ragna.

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza, akangoja. Torkel akafungua mdomo, akatazama nyumba, ghala, mierebi aliyoimwagilia mke wake kwa ndoo mpaka ikaota, na ilionekana anatafuta mahali pa kutaja. Gari likaondoka mkono wake ukiwa bado hewani.

Katikati ya Novemba alikabidhi funguo kwa Pruitt, akapanda treni ya pwani peke yake. Aliandika barua mara tatu majira yale ya baridi. Signe ndiye aliyezijibu, kutoka kwenye vyumba viwili walivyopanga nyuma ya duka la mshona viatu mjini. Mama yake alisoma kila jibu kabla halijafungwa, na hakubadilisha neno.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, mashine ilipoingia kwa Lunde ikipiga filimbi, Petra alikuwa amesimama mlangoni na aproni safi. Tangu saa nane alikuwa amechemsha maji, amefagia, amepanga kiti kizuri karibu na jiko. Alipomwona Ragna anashuka garini alimkimbilia, akasimama hatua mbili kabla ya kumfikia, mikono imening'inia.

"Ragna," alisema. "Karibu ndani. Kaa kwanza. Kahawa iko tayari. Sikulala, nakwambia, siku zote hizi sikulala. Kaa tuongee."

Ragna alikuwa akikunja mikono ya gauni lake, mmoja, kisha wa pili. Nyuma yake wanaume kumi na nane walikuwa wakinawa kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, wakipigana maji, wakiuliza kuna nini leo.

"Tutaongea, Petra. Tutaongea sana," alisema. "Ila leo sikuja kutembea, nimekuja kazini. Viazi vyenu viko wapi?"